Mizani ya Ufuta na Mikono Miwili

Ukimwona mkulima wa Likunja kwa nyuma, akiwa amevua shati, utaujua mkono anaoutegemea hata kabla hajashika jembe. Bega moja limejaa, la pili limelala. Hakuna anayeiona hiyo kuwa kasoro, na kwa sehemu kubwa si kasoro. Mimi nimekulia humo, wilaya ya Ruangwa, nyumbani kwa mjomba wangu, na bega langu la kulia lilijaa miaka mingi kabla sijajua kwamba kuna watu wanaoandika ratiba ya mazoezi kwenye daftari. Lilijazwa na panga la kufyekea chini ya mikorosho na jembe la mkono, lakini zaidi ya hivyo vyote lilijazwa na mashine ya kupulizia salfa. Mashine ile hubebwa mgongoni wakati wa kiangazi, mikorosho inapotoa maua na ubwiriunga unapoanza kuyanyausha. Mkono wa kushoto kazi yake ni kuongeza na kupunguza mafuta. Wa kulia ndio unaoinua bomba na kulielekeza kileleni, mti baada ya mti, tangu alfajiri kabla upepo haujaanza. Kijana aliyepuliza mashamba ya watu kwa kibarua misimu mitatu minne hahitaji kuulizwa mkono wake wa kulia ni upi.

Mkono wa kushoto una historia nyingine kabisa. Tangu mtoto anaanza kula mwenyewe anakatazwa kuutia kwenye sahani. Ukimpa mtu mzima kitu kwa kushoto unaambiwa ubadilishe, na ukipokea kwa kushoto unaonekana hukufundwa. Sina ugomvi na adabu hiyo, na watoto wa dada yangu nimewafundisha hivyo hivyo. Ila mkono usiolisha, usiosalimia, usioandika wala kurusha jiwe utafika utu uzima ukiwa umefanya kazi moja tu, ya kushikilia kitu ili mwenzake akifanyie kazi. Uwanjani mambo yanageuka: winga wa mguu wa kushoto hugombewa na timu zote za mtaa. Kwa mkono, upendeleo huo haupo.

Haya sikuyatilia maanani mpaka Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona. Tangazo la kufunga shule lilitolewa na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, ambaye wakati huo alikuwa mbunge wetu wa Ruangwa, vyuo navyo vikafuata, na kwenye basi la kusini watu wakatania kwamba tumerudishwa nyumbani na mtu wa nyumbani. Ligi Kuu nayo ilisimama. Namungo, timu ya Ruangwa, ilikuwa ndiyo kwanza inacheza msimu wake wa kwanza katika ligi hiyo, na vijana waliokuwa wakiishi kwa mechi zake wakabaki na jioni ndefu zisizo na kitu. Ndipo tizi ikashika kasi. Kila uwanja wa nyumba ukawa na mtu anayehesabu pushapu.

Kwetu mkuu wa tizi alikuwa binamu yangu, mtoto wa mjomba, aliyekuwa amemaliza mkataba wake wa JKT kambi ya Nachingwea na kurudi na sauti ya afande. Alirudi pia na kipande cha bomba la chuma, kirefu kama pima moja, alichosema ni masalia ya Mradi wa Karanga, ule wa Waingereza wa mwaka 1947 uliokufa 1951. Mjomba alicheka sana. Kwa maelezo yake, chuma chochote chenye kutu kinachouzwa Nachingwea lazima kiwe cha Mradi wa Karanga au cha reli ya Mtwara iliyong'olewa, la sivyo hakipati mteja. Tulilifunga bomba lile kati ya panda mbili za mwembe, tukachimbia matofali mawili ya kuchoma chini yake, tukawa na jimu.

Binamu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniambia. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza akinihesabia, akakatiza hesabu.

"Binamu, kushoto kwako kunatoroka."

Nikamuuliza kunatorokaje.

"Unaposhuka, unashuka sawa. Unapopanda, kulia kunatangulia, kushoto kunakuja na lifti."

Bibi alikuwa upenuni anatwanga makopa. Bibi yangu ana utani wa bibi kwa mjukuu wa kiume, ananiita mume wake, na siku hiyo aliutumia vizuri. "Mume wangu, ungekuwa mwanamke ungeachika. Nani anatwanga kwa mkono mmoja?" Kisha akaonyesha. Anapotwanga peke yake hushika mchi kwa mkono mmoja, na baada ya mapigo kadhaa anauachia ukiwa angani na kuudaka kwa mkono wa pili bila pigo kupotea. Nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote nikadhani ni mbwembwe. Alisema si mbwembwe. Msichana aliyezoea mkono mmoja, gunia halijafika nusu mgongo umeshakaa upande, na kesho yake hawezi kuchota maji. Kwa hiyo walifundishwa kubadilisha mkono kabla haujachoka, na mkono usiojua ndio ulioanza, wakati mwili bado una nguvu na akili haijachoka. Sijakutana na kanuni bora kuliko hiyo katika vitabu vya mazoezi nilivyosoma baadaye, nami nimesoma vingi.

Lakini nilitaka namba. Mjomba alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la mazao, na Aprili mizani haina kazi: korosho zimeshaondoka, ufuta bado uko shambani. Ilikuwa mizani ya jukwaa, ya namba za kuwaka, inayopandishwa gunia. Nikamwomba.

"Mjomba, unataka kujiuza?" aliniuliza.

"Nataka kupima mikono, mjomba."

Alinitazama kidogo, akachukua funguo.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na mtu yeyote anaweza kukifanya hata kwa mizani ndogo ya kupimia uzito wa mwili. Unaweka kiganja kimoja katikati ya mizani na kingine juu ya matofali yenye kimo kile kile cha mizani, unanyoosha mwili kama wa pushapu, mikono imenyooka, unatulia mpaka namba isimame. Kisha unabadilisha upande. Mimi wakati huo nilikuwa na kilo 60. Katika pushapu ya kawaida, viganja hubeba takribani theluthi mbili ya uzito wa mwili na vidole vya miguu hubeba kilichobaki, kwa hiyo nilitarajia kila mkono ubebe kilo 19 au 20. Kulia ilisoma 22. Kushoto ilisoma 16. Nilikuwa nimetulia kabisa, sijaanza hata kushuka, na tayari mkono mmoja ulikuwa umebeba kilo sita zaidi ya mwenzake. Mjomba alirudia kusoma mara mbili, kwa tabia ya kazi yake, kisha akasema kwa kipimo hicho mkulima angekuwa ameshapeleka malalamiko kwa mwenyekiti.

Namba ile ilinifundisha jambo ambalo macho ya binamu yasingeweza kuliona lote. Zoezi la mikono miwili halirekebishi tofauti ya mikono. Linaificha, na likiachwa miezi mingi linaikuza, kwa sababu mwili haujali nani kafanya kazi. Ukiuamuru uinuke, utainuka kwa njia rahisi iliyopo, na njia rahisi ni mkono uliozoea. Unahesabu pushapu thelathini na unadhani kila mkono umepiga thelathini. Mmoja umepiga zaidi, wa pili umesindikiza.

Kuna kitu kingine ambacho watu hukikosea. Tunaposema mkono huu ni dhaifu, tunafikiria nyama, kwamba msuli ni mdogo. Sehemu yake ni kweli, lakini nguvu haikai kwenye nyama peke yake. Anayeanza mazoezi huongezeka nguvu katika wiki za mwanzo kabla msuli haujanenepa kwa kiasi cha kuonekana, kwa kuwa ubongo na neva ndizo zinazojifunza kwanza kuiita misuli mingi zaidi, kwa wakati mmoja na kwa mpangilio. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa na msuli ambao haukuwa ukiitwa. Ndiyo maana mazoezi yake lazima yawe ya kufundisha: taratibu, safi, mapema kabla mtu hajachoka. Ndilo alilosema bibi.

Binamu alikuwa na dawa yake ya kijeshi. Kushoto kumekosa, kuadhibiwe: kulia pushapu kumi, kushoto ishirini. Nilikataa, na bado nakataa ninapoisikia kwa vijana, nayo naisikia sana. Mkono usiozoea, ukipewa kazi mara mbili, unachoka mapema, na ukichoka unaanza kukopa. Bega linapanda kuelekea sikioni, kiuno kinajizungusha, kiwiko kinafunguka nje. Kwa hiyo zile kumi za nyongeza zinafanywa na shingo na mgongo, na kinachofundishwa ni kukopa. Zaidi ya hapo, viungo na kano haviongezeki nguvu kwa kasi ya msuli. Kiwiko kinachouma hakitafanya zoezi lolote.

Tuliyokubaliana baada ya mabishano yalikuwa haya. Kushoto kuanze kila zoezi. Kushoto ndiko kuseme idadi: kukiweza nane safi, kulia nako kupate nane na kusimame hapo, hata kama kulia kungeweza ishirini. Pale kushoto kunapoonyesha dalili ya kuyumba, kuache, mara moja au mbili kabla ya kufika mwisho wa uwezo. Na tizi iwe siku tatu kwa wiki, kwa mizunguko mitatu, si kila jioni. Kwa binamu hilo la mwisho lilikuwa gumu kulimeza. JKT hawana siku ya kupumzisha kiwiko.

Kipengele cha kulia kusimama ndicho kinachowauma watu. Kijana aliyezoea kupiga thelathini anaona anarudi nyuma. Ukweli ni kwamba kulia hakupotezi kitu cha maana kwa wiki chache za kazi pungufu. Kulinda nguvu iliyokwisha kupatikana huhitaji kazi ndogo kuliko kuipata. Pia kuna jambo la kustaajabisha, na limejulikana tangu mwaka 1894, pale E. W. Scripture na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walipogundua kwamba mtu akizoesha mkono mmoja, mwingine ambao haukufanya lolote nao huongezeka nguvu. Ongezeko hilo ni dogo. Tafiti za baadaye zimelikadiria kati ya asilimia 8 na 12 ya nguvu za awali za ule mkono uliokaa. Lakini linatuambia kwamba darasa liko juu ya shingo, na mikono yote miwili inasoma humo.

Sasa zoezi lenyewe. Pushapu ya mkono mmoja chini ni ya watu wachache, na anayeilazimisha hujipinda kwa namna inayofuta faida yote. Bahati nzuri uzito wa pushapu unapunguzwa bila kununua kitu, kwa kuinua mahali pa kuweka viganja. Mikono ikiwa juu kwa sentimita 30 hivi, mzigo unashuka hadi kama asilimia 55 ya uzito wa mwili. Ikiwa juu kwa sentimita 60, unafika karibu asilimia 41. Kupiga magoti chini huuleta karibu na nusu. Kibaraza chetu kilikuwa na kimo cha kama sentimita 60. Nikakokotoa: asilimia 41 ya kilo 60 ni kama kilo 25, na yote inakuja juu ya kiganja kimoja. Hiyo ni zaidi ya kilo 22 zilizokuwa zikibebwa na mkono wangu wenye nguvu katika pushapu ya kawaida. Kwa hiyo kibaraza hakikuwa pa kuanzia, ingawa kilionekana rahisi. Nilianza ukutani, nimesimama, kiganja cha kushoto usawa wa kifua, miguu nimeirudisha nyuma na kuitanua kidogo ili mwili usizunguke. Kushuka kwa hesabu ya tatu, kutulia, kurudi. Binamu alicheka mpaka akakaa chini. Hata bibi alisema nasukuma nyumba.

Kutoka ukutani nilihamia kizingiti cha dirisha, kisha meza ya nje, kisha kibaraza, na kila hatua niliihama pale kushoto kulipofikisha kumi na mbili bila kiuno kuzunguka. Nani angejua kama kiuno kinazunguka? Mpini wa jembe. Niliulaza kwa upana juu ya kiuno, na ulipoanza kuteleza upande mmoja nikajua nimeanza kukopa. Kwa pushapu za mikono miwili, ambazo sikuziacha kabisa, binamu alichora mstari mavumbini ili viganja vikae sawa. Watu wengi huweka kiganja cha mkono wenye nguvu mbele kidogo au ndani kidogo bila kujua, na hiyo peke yake inatosha kuhamisha kilo kadhaa. Simu iliyoegemezwa kwenye shina la mwembe, ikirekodi kutoka mbele, inaonyesha mengine.

Kuna pushapu nyingine ya katikati ambayo mimi naipenda kuliko zote. Unatanua mikono zaidi ya kawaida, unashuka ukielekea upande wa kushoto, kushoto kunakunjika na kulia kunabaki kumenyooka kando, kunasaidia kidogo tu kwa ncha. Uzuri wake ni kwamba msaada unaupima mwenyewe. Siku mbaya unasaidiwa zaidi, siku nzuri kidogo.

Upande wa kuvuta ulikuwa rahisi zaidi kwetu kuliko kwa mtu wa mjini, kwa sababu ya kisima. Kuvuta ndoo kwa kamba ni karibu kazi pekee ya kijijini inayogawa mikono sawa. Mkono unapokezana na mkono, na ukidanganya ndoo inarudi chini. Nikajitolea kuteka maji ya nyumba nzima, jambo lililomfurahisha shangazi kuliko zoezi lenyewe. Nyumbani, kamba ile ile niliizungusha kwenye shina la mwembe, nikashika ncha kwa kushoto, nikaegemea nyuma na kujivuta mpaka kiwiko kipite ubavu. Kusogeza miguu karibu na mti kunaongeza uzito, kuirudisha nyuma kunapunguza. Kwenye bomba la Mradi wa Karanga sikujivuta kwa mkono mmoja hata siku moja. Nilining'inia tu kwa miwili, nikilegeza vidole vya kulia kidogo kidogo ili kushoto kuhisi uzito.

Dumu nalo lilikuwa zoezi. Lita 20 za maji ni kilo 20, na zikibebwa kwa kushoto peke yake zinauvuta mwili wote upande huo, kwa hiyo misuli ya kiuno upande wa kulia lazima ikaze kuuzuia. Nilianza na dumu la lita 10. Nataja hili kwa sababu mkono mara nyingi unalaumiwa kwa kosa la jirani. Nyuma ya bega kuna mfupa mpana unaoteleza juu ya mbavu, nao ndio msingi ambao mkono unausukumia. Ukiwa hautulii, ukinyanyuka kama ubawa kila unaposukuma, mkono hauna pa kuegemea hata ukiwa na msuli kiasi gani. Wangu wa kushoto ulikuwa unanyanyuka; shangazi aliuona kabla yangu alipokuwa akinisugua mgongo kwa dawa ya mafua. Dawa yake ni ndogo na ya kuchosha: unakaa kama wa pushapu dhidi ya ukuta, mikono imenyooka, unasukuma ukuta mpaka mgongo wa juu utanuke, unarudi, bila kukunja kiwiko.

Mwishoni mwa Mei serikali ilitangaza vyuo vifunguliwe tarehe 1 Juni, na ufuta ulikuwa umeanza kuingia ghalani. Mjomba alinipimia jioni, baada ya wakulima kuondoka, huku mbegu zikiwa bado zimetapakaa juu ya jukwaa la mizani. Kulia 20, kushoto 18. Uzito wangu ulikuwa ule ule. Mkono wa kushoto ulikuwa haujanenepa kwa namna ambayo mtu angeiona, lakini tangu hapo nilipopanda, nilipanda pande zote mbili kwa pamoja.

Binamu alitaka tuendelee mpaka isome 19 kwa 19. Mimi niliona imetosha, na sijabadili mawazo. Mwili wa binadamu haukuumbwa kwa rula. Nguvu za kushika kitu kwa mkono wa kulia, kwa wengi wanaotumia kulia, huzidi za kushoto kwa kama asilimia 10, nao ni watu wazima wenye afya. Wachezaji wa tenisi wa kulipwa wamepigwa picha za eksirei, na ganda la mfupa wa mkono unaoshika raketi likakutwa nene kuliko la mkono wa pili, kwa wanaume zaidi ya asilimia 30. Mfupa, achilia mbali msuli. Zakayo Malekwa aliyeturushia mkuki kwenye Olimpiki za 1980, 1984 na 1988, au Mkenya Julius Yego aliyetwaa ubingwa wa dunia Beijing mwaka 2015 kwa mkuki wa mita 92.72, nani angemwambia asawazishe mikono? Kazi yao ni ya mkono mmoja. Tofauti inakuwa tatizo pale tu inapokuharibia jambo unalotaka kulifanya: bega moja linauma, mgongo unalala upande, au, kama ilivyokuwa kwangu, huwezi kusonga mbele kwa sababu mkono mmoja umefika mwisho na mwingine unazidi kuubeba. Kijana anayejipiga picha kila asubuhi kuangalia kama mikono imelingana kwa unene anahitaji kazi ya shamba, hahitaji zoezi jipya.

Lakini kuna udhaifu ambao si wa tizi. Mkono unaolegea ghafla, hasa kama uso nao umekwenda upande au maneno hayatoki vizuri, ni dalili ya kiharusi, na mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Mkono unaokonda upande mmoja tu bila sababu, unaokufa ganzi kuanzia shingoni mpaka vidoleni, unaoangusha vikombe, huo nao ni wa daktari. Tofauti niliyoieleza mimi ni ile inayokuja polepole, kwa miaka, na ambayo ukiulizwa kazi yako jibu linapatikana.

Mwaka uliofuata binamu alianguka kutoka kwenye mwembe ule ule, akitafuta embe wala si mazoezi, akavunjika mkono wa kushoto juu kidogo ya kifundo, akafungwa hogo. Alinipigia simu Dar es Salaam amekata tamaa. Miezi yote ya tizi inapotea. Nikamkumbusha habari ya Yale. Alimuuliza daktari wake kama anaweza kuendelea na mkono mzima, akaruhusiwa, mradi asining'inie wala asianguke tena. Basi akawa anafanya kamba kwa kulia, ukuta kwa kulia, dumu dogo kwa kulia, na kulia peke yake kukasoma kwa niaba ya wote wawili. Utafiti umefanywa kwa watu waliofungwa mkono hivyo, na mazoezi ya upande mzima yameonekana kupunguza nguvu zinazopotea upande uliofungwa.

Hogo lilipokatwa mkono ulitoka mwembamba na wenye magamba, kama inavyokuwa kwa kila mtu. Kwa wiki za mwanzo alikunja na kukunjua vidole na kifundo kama alivyoelekezwa hospitali, bila mzigo. Daktari alipomruhusu kusukuma, alitaka kurudi chini kwenye matofali siku hiyo hiyo. Bibi ndiye aliyemzuia, kwa kumwonyesha ukuta. Akasimama pale nilipokuwa nikisimama mimi, akapiga sita kwa kushoto, polepole. Kisha akageuka akapiga sita kwa kulia, akaacha, ingawa alinung'unika.